Mchele wa Mbeya na Mto Uliokauka: Tunayoyaamini Kuhusu Uhaba wa Maji

Oktoba 2022, Mto Ruvu uliposhuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo, mtaani kwetu wataalamu wa maji walikuwa wengi kuliko madumu. Foleni kwenye kisima cha jirani ilianza saa kumi alfajiri, na kila aliyefika alikuja na sababu yake. Mvua zimekata. Watu wamejaa mjini. Ng'ombe wamemaliza vyanzo. Bahari hii hapa, si wasafishe tu? Mbele yangu alisimama mama mmoja, dumu mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kilo mbili za mchele wa Mbeya, ule unaonukia kabla haujapikwa. Mchele huo hakuna aliyeutaja, nami sikuutaja.

Kilo moja ya mchele, kwa wastani wa dunia, hutumia takriban lita 2,500 za maji hadi kufika dukani, ukijumlisha ya mvua na ya mfereji. Ni madumu 125 ya lita 20. Kwa hiyo mama yule alikuwa amebeba madumu 250 mkono wa kushoto huku akipangia foleni moja la mkono wa kulia.

Dhana ninazozieleza hapa nimezifuata zilivyosemwa kwenye foleni ile. Sijazipanga kwa uzito.

"Dunia inaishiwa maji, mvua hakuna"

Maji ya dunia hayaishi, yanazunguka. Tatizo ni yapo wapi na yanakuja lini. Asilimia 97.5 ni ya chumvi. Katika 2.5 iliyobaki, zaidi ya theluthi mbili imeganda kuwa barafu, na karibu yote yanayosalia yamejificha ardhini. Mito na maziwa yote unayoyajua, pamoja na Viktoria na Tanganyika, hayafiki hata nusu ya asilimia moja ya maji yasiyo na chumvi.

Kuhusu mvua, Dar es Salaam hupata wastani wa zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. London hupata kama 600, na mtu wa London hajui dumu ni kitu gani. Mawsynram, kule Meghalaya kaskazini mashariki mwa India, hupata zaidi ya milimita 11,000 na hutajwa kuwa mahali penye mvua nyingi kuliko pote duniani. Kiangazi kikifika, wanawake wa milima ile hubeba maji kutoka mbali, kwa sababu mvua yote hushuka ndani ya miezi michache na kuteremka mabondeni bila kusubiri mtu.

Halafu kuna Kongo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina karibu nusu ya maji yote ya juu ya ardhi barani Afrika. Mwaka 2011 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilisema watu milioni 51 nchini humo, yaani kama robo tatu ya wakazi wake wakati huo, hawakuwa na maji safi ya kunywa. Mto upo, tena mkubwa. Kinachokosekana ni mabomba, mitambo, umeme wa kusukuma na miaka ya utulivu ya kuvijenga.

Sisemi mabadiliko ya tabianchi ni hadithi. Vuli ya 2022 ilichelewa kweli na Ruvu ulionyesha. Ila mji unaoegemea mto mmoja usio na bwawa la kuweka akiba ya masika utaumia mwaka wowote vuli ikichelewa wiki chache. Bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo kadhaa, linakusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190. Haliongezi mvua hata tone. Linachukua maji ya Aprili na kuyapeleka Oktoba.

"Watu wamekuwa wengi, na tunaoga sana"

Nusu kweli. Katika karne ya 20 idadi ya watu duniani iliongezeka karibu mara nne, lakini matumizi ya maji yalipanda kama mara sita. Kwa hiyo kuna mtu mwingine anayekunywa pamoja nasi, na mtu huyo ni shamba. Takriban asilimia 70 ya maji yanayochotwa kwenye mito, maziwa na visima duniani huenda kwenye kilimo. Majumbani, pamoja na kuoga, kufua, kupika na kumwagilia maua ya bosi, ni kama asilimia 12 tu.

Cape Town walilijifunza hili kwa lazima. Baada ya miaka mitatu ya mvua hafifu, Februari 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na mabomba yalikuwa yanakaribia kufungwa. Watu walibana kwelikweli, wakasifiwa, na walistahili. Ila mwezi huohuo wakulima wa matunda wa Elgin na Grabouw walifungulia mji takriban lita bilioni 10 kutoka mabwawa yao wenyewe. Hizo zimo kwenye hesabu ya kuokoka kwa mji ule, ingawa hazisimuliwi kama ndoo za bafuni zinavyosimuliwa.

"Wafugaji ndio walioukausha Ruaha"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mchele wa yule mama ulipotoka.

Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, limezungukwa na milima ya Poroto na Kipengere inayopata mvua nyingi, wakati bonde lenyewe ni kavu. Mito inashuka kutoka huko: Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera na mingineyo. Yote huelekea kwenye ardhi oevu ya Ihefu, na maji hutokea Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba ule, Ruaha Mkuu unatiririka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuendelea hadi bwawa la umeme la Mtera. Yakishuka chini ya mwamba, mto unakatika. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi hadi kiangazi, na viboko hubanana kwenye vidimbwi vya matope mpaka mvua ziwafungulie.

Lawama zikawaangukia wafugaji. Ng'ombe wanaonekana, kundi likivuka barabara kila dereva analiona. Mwaka 2006 waliondolewa Ihefu na mifugo yao, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Mwaka 2008 mipaka ya hifadhi ikapanuliwa kuimeza Ihefu. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alikuwa ameahidi kwamba kufikia 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Ng'ombe wakaondoka, 2010 ikafika, mto ukaendelea kukatika.

Watafiti waliopima maji yenyewe, mto kwa mto na mfereji kwa mfereji, walikuta jibu juu ya Ihefu, kwenye mabanio ya mpunga, yaani vizuizi vya kugeuzia maji ya mto yaingie mfereji wa shamba. Tena si kwenye mpunga wa masika, ambapo maji ni mengi. Ni ule wa mapema. Anayevuna kabla ya wenzake huuza kwa bei nzuri. Anayevuna na kundi hukuta bei imelala. Kwa hiyo vitalu vinaanza Oktoba na Novemba, wakati mto uko chini kuliko miezi yote. Ongeza mifereji inayoachwa wazi kiangazi kizima kwa ajili ya vijiji vilivyojengwa kandokando yake: watu wanaoga humo, wanafulia, wananyweshea, na yanayobaki yanapotelea kwenye majaruba, yale mashamba ya mpunga yenye matuta, yasiyo na kitu.

Kisha kuna kisa cha banio la kisasa, ambacho kwangu ndicho chenye mafunzo kuliko vyote. Banio la kienyeji lilikuwa la miti, mawe na nyasi. Lilivuja, na mafuriko yalilisomba kila mwaka. Wafadhili walipoliona wakaleta saruji na mageti ya chuma ili kuongeza ufanisi. Lakini kule kuvuja ndiko kulikokuwa kunamfikishia wa chini maji yake. Banio la saruji halivuji: wa juu akifunga geti, mto wote mdogo wa kiangazi unaingia kwake kihalali kabisa. Na maji "yaliyookolewa" hayakurudi mtoni. Yalifungua majaruba mapya.

Wakulima wale si wajinga wala si wachoyo. Wanafuata bei, na bei inapangwa na sisi tunaotaka mchele wa Mbeya mwaka mzima. Ng'ombe nao si malaika: wakizidi wanakanyaga na kuharibu ardhi oevu. Ila kuharibu malisho ni kosa moja, kukausha mto ni jingine, na adhabu ya la pili walipewa wao.

Kuna tawi la dhana hii, kwamba mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 uliletwa na Usangu. Mtera hujazwa na maji ya masika. Kijito cha kiangazi kinachokatika Ng'iriama ni msiba kwa viboko na kwa vijiji vya chini, lakini kwa bwawa kubwa kama lile ni kidogo mno, na waliofanya hesabu za Mtera na bwawa jingine la umeme, Kidatu, walikuta maswali mengi zaidi kwenye namna maji yalivyokuwa yakifunguliwa kuliko kwenye majaruba.

"Bahari hii hapa. Na kama si bahari, tuchimbe"

Bahari inasafishika. Miji ya Ghuba inaishi kwa hilo, Muscat ikiwemo. Kwa mitambo mizuri ya leo, uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, inataka kama uniti tatu hadi nne za umeme, bila kuhesabu mtambo wenyewe na chumvi nzito ya kutupa. Kwa kunywa inawezekana ukiwa na fedha. Kwa mpunga, sahau.

Visima ni habari ya kweli iliyotiwa chumvi, wakati mwingine chumvi halisi. Chini ya ardhi ya Afrika kuna maji mengi sana, lakini sehemu nyingi yanatoka kidogo kidogo, kiasi cha pampu ya mkono. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba Lotikipi, Turkana, kuna bahari ya maji chini ya jangwa. Walipochimba kupima, yalikuwa ya chumvi, hayanyweki. Nasi wa pwani tunajua kisima kinavyoanza kitamu na kuishia kukataa kutoa povu la sabuni: ukivuta kupita kiasi, bahari inaingia chini kwa chini. Saudi Arabia ilivuta maji ya kale kutoka vilindini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani, jangwani! Mwaka 2016 serikali ikaacha kununua ngano ya wakulima wake kwa sababu maji yale hayarudi.

"Wenye shida ni nchi za jangwa"

Sasa Saudia inaagiza ngano kutoka nje, na kila meli inayotia nanga imebeba maji ya nchi nyingine. Profesa Tony Allan wa London ndiye aliyeyapa jina maji haya yanayosafiri ndani ya bidhaa: "virtual water", yaani maji yasiyoonekana. Ukishayaona huwezi kuacha kuyaona. Kenya, kwa kipimo cha kimataifa, iko chini ya mita za ujazo 1,000 kwa mtu kwa mwaka, yaani imo kwenye uhaba, lakini waridi za Naivasha zinapanda ndege kwenda Ulaya kila siku. Sipingi ajira zake. Nasema tu kwamba hata asiye na maji anaweza kuwa anayauza.

Kisa kizito kuliko vyote ni Bahari ya Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa la Asia ya Kati. Mwaka 1960 ilikuwa na kilomita za mraba kama 68,000, yaani karibu sawa na Ziwa Viktoria. Mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, ikageuziwa kwenye mashamba ya pamba ya Kisovieti. Kufikia 2007 ilikuwa imebaki kama sehemu ya kumi, na Moynaq, uliokuwa mji wa wavuvi, una meli zilizokaa mchangani. Jaribu kuiwaza Mwanza hivyo.

"Maji yakiuzwa bei ya chini, maskini anapona"

Anapona kama bomba limefika kwake. Foleni ile dumu lilianza shilingi 100, likafika 300. Uniti moja ni madumu 50, yaani shilingi 15,000. Sisi wenye mita tulikuwa tunailipia isiyofika 2,000, pale yanapotoka. Ripoti ya mwaka 2006 ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilikuta jambo hilohilo kwenye makazi duni ya miji mingi: wanalipa mara tano hadi kumi ya wanacholipa matajiri wa mji huohuo. Na huku bili ikipigiwa kelele, takriban theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za maji Tanzania, pengine zaidi, hayafiki kwenye mita yoyote.

Siku ya zamu yetu maji yalitoka usiku. Asubuhi, pale kona ya msikiti, bomba lilikuwa limepasuka chini ya lami na dimbwi limeshatanda. Vijana wa bodaboda walikuwa wanaosha pikipiki. Yule mama wa mchele akapita, akaangalia kulia na kushoto, akachota dumu lake pembeni kulikokuwa kunabubujika, akaondoka.