Jioni Mpiga Gitaa Alipozima Amplifaya

Niliipenda blaki metali, tawi moja la muziki mzito wa magitaa ya umeme, zaidi ya miaka kumi kabla sijaisikia vizuri. Kazi yangu ni ufundi mitambo, nachanganya sauti za bendi jukwaani na studio, kwa hiyo niliamini masikio yangu hayapitwi na kitu. Nilichokipenda kilikuwa ule ukuta wa sauti: magitaa yanayovuma kama tufani, ngoma zisizopumua, na mtu anayepiga ukelele kwa mbali kama yuko ng'ambo ya bonde. Niliupenda kama mtu anavyopenda mvua kubwa usiku. Sikuwahi kujiuliza ndani ya ukuta ule mna nini.

Aliyenionyesha ni mpiga gitaa mmoja ambaye bendi yake niliwekwa kuihudumia. Tulikuwa tumemaliza kujaribu vyombo, bado saa mbili onyesho lianze. Nikamfuata na malalamiko ya kifundi: ndugu yangu, gitaa lako lina fujo nyingi katika sauti za kati, niruhusu nizipunguze ili ngoma zipate nafasi. Hakubisha. Alizima amplifaya, akakalia kasha la ngoma, akapakata gitaa lake, akasema, "Sogea karibu."

Gitaa la umeme likiwa halina umeme hutoa sauti nyembamba mno, lazima uinamishe kichwa ulisikie. Akaanza kunipigia wimbo wao wa kwanza, polepole, kila uzi kwa zamu yake. Nilitegemea kusikia noti mbili tu, kwa sababu katika metali iliyo nyingi ndivyo inavyopigwa: noti ya msingi na ya tano yake, basi. Mbili hizo hazina furaha wala huzuni, zina nguvu tu. Yeye alikuwa amebonyeza nyuzi nne, na katikati yake ilikuwamo ya tatu ndogo, ile inayoupa wimbo majonzi. Kisha vidole vitatu vikabaki palepale, kidole cha mwisho kikapanda hatua moja kwenye shingo ya gitaa, kikashuka, kikapanda tena. Kila kiliposogea, kodi nzima, yaani noti zile zinazolia pamoja, ilibadilika sura.

"Wimbo ndio huu," akasema. "Kidole hiki kimoja. Hivi vingine vinakisindikiza."

Nilishika kichwa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nasikia kwaya ya sauti nne nikidhani ni upepo.

Hapa niingie kidogo kwenye ufundi, maana ndipo mapenzi yangu yalipobadilika. Amplifaya ikisukumwa mpaka sauti ikwaruze, haiongezi ukubwa tu. Noti zinazoingia pamoja huzaa noti nyingine, na mojawapo ni ile inayolingana na tofauti kati yao. Chukua noti ya mitetemo 220 kwa sekunde na ya tano yake, 330. Tofauti ni 110, yaani noti ileile ya msingi ikiwa chini zaidi. Vyote vinapatana, ndiyo maana mkwaruzo wa noti mbili husikika safi na mzito. Sasa weka ya tatu ndogo, karibu mitetemo 262. Tofauti yake na 220 ni 42, noti ya chini kabisa ambayo hakuna kidole kilichoibonyeza. Zidisha kwa nyuzi nne, kila moja ikizaa na mwenzake, upate lile wingu lenye giza ambalo mimi nilikuwa naliita fujo na kutaka kulikata. Ningelikata, ningekata wimbo.

Mtindo huu wa kupiga kodi kamili kwa kasi, badala ya noti mbili za nguvu, una watu wake. Uingereza, bendi ya Venom iliupa muziki huu jina kwa albamu yao Black Metal ya mwaka 1982, na Bathory wa Sweden wakautia ubaridi. Lakini mkono huu wa kulia na wa kushoto ulikomaa Norwei kuelekea miaka ya 1990, na wanaotajwa kuuunda ni wapiga gitaa Snorre Ruch wa bendi ya Thorns na Euronymous wa bendi ya Mayhem. Majina hayo nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua majina ya wafalme. Baada ya jioni ile nilianza kuyajua kwa vidole.

Halafu akanipa piki mkononi, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, akaniambia nipige uzi mmoja, juu chini juu chini, kwa kasi ya wimbo wao. Mapigo 200 kwa dakika, na kwa kila pigo piki inagusa uzi mara nne: hiyo ni mara 800 kwa dakika, zaidi ya 13 kila sekunde. Dakika haijaisha, mkono wangu kuanzia kiwikoni ulikuwa mgumu kama mti. Akacheka kwa upole, akanishika kifundo cha mkono, akakilegeza. Nguvu haitoki kwenye msuli, ukikaza umekwisha. Piki inalazwa upande kidogo ili iteleze juu ya uzi badala ya kugonga, na ncha inayochungulia nje ya vidole ni ndogo sana. Kisha akanionyesha jambo ambalo ningeweza kulisikia miaka yote lakini sikulisikia: mkono wa kulia unakimbia, wa kushoto unatembea. Kodi moja inaweza kukaa mapigo manane kabla haijaondoka. Ngoma nazo zinakimbia na mkono wa kulia. Kwa hiyo unaosikia ni muziki wa polepole, wenye majonzi, uliovikwa kasi, na ndiyo maana ukiusikiliza muda mrefu unatulia badala ya kuchoka.

Nilipofika nyumbani nilirudia Transilvanian Hunger, albamu ya bendi ya Darkthrone ya mwaka 1994. Kama fundi niliwahi kuidharau rekodi hiyo kwa wembamba wake. Fenriz alipiga vyombo vyote mwenyewe kwenye mashine ndogo ya kurekodia yenye njia nne, mwenzake Nocturno Culto akaongeza sauti ya kuimba, basi. Safari hii nilisikia kwamba wembamba ule unaacha kodi wazi, hakuna besi nzito ya kuzifunika. Nikaiweka De Mysteriis Dom Sathanas ya Mayhem, ya mwaka huohuo, iliyorekodiwa Grieghallen mjini Bergen, jumba la muziki wa okestra lenye jina la mtunzi Grieg, chini ya fundi anayejulikana kama Pytten. Mle ngoma zina ukumbi mzima nyuma yake. Rekodi mbili, njia mbili zilizo kinyume kabisa, na katika zote mbili aliyekaa kwenye mitambo alijua anachokilinda. Kwa heshima yote, hilo ndilo somo kubwa la kazi yangu ambalo sikufundishwa na fundi yeyote.

Nilimuuliza pia kuhusu damu na moto. Huwezi kuupenda muziki huu ukajifanya huijui historia yake: makanisa yaliyochomwa Norwei kuanzia mwaka 1992, Euronymous aliyeuawa Agosti 1993 na Varg Vikernes, na albamu hiyo ya Mayhem iliyobaki na gitaa la aliyeuawa na besi ya muuaji pamoja. Hakutetea, wala hakufanya utani. Alisema zipo rekodi alizoacha kuzisikiliza, zipo anazoendelea kujifunza kwake, na kila mara analazimika kuamua upya. Niliipokea kauli hiyo kwa uzito wake, kwa sababu ilitoka kwa mtu ambaye nilikuwa nimeviona vidole vyake vikifanya kazi.

Ukipata nafasi ya kukaa na mwanamuziki wa aina hii, si lazima awe maarufu. Pengine ni afadhali asiwe, maana maarufu amechoka kuhojiwa. Usimwulize nyimbo zina maana gani. Mwulize mkono unakaa wapi.

Usiku ule nilimwachia sauti zake zote za kati. Nilishusha ngoma kubwa kidogo, nikampandisha, na kutoka mitamboni, kupitia moshi na taa za bluu, nikawa nakitafuta kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Baada ya onyesho nilimkuta nyuma ya jukwaa, rangi nyeupe na nyeusi aliyojipaka usoni ikimchuruzika shingoni kwa jasho, mkono wa kulia kautumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi.

"Wimbo wa nne nilikosea," akasema. "Ulisikia?"

Nilikuwa nimesikia. Kidole kilichelewa kushuka, mara ya pili ya kurudia.

"Mara ya pili," nikamwambia, naye akaitikia kwa kichwa, akatoa mkono ndooni, akanipa.