Kutoka Colito hadi Lugalo: mwaka mmoja wa Tanganyika Rifles

Kazi yangu ni kusoma kumbukumbu za vikosi vya jeshi, na taarifa za mwaka za vikosi ni ukoo mmoja. Zinaanza na gwaride, zinafuata na mazoezi, vikombe vya shabaha na mpira, aliyepandishwa cheo na aliyestaafu, kisha kamanda anasema anavyouona mwaka unaokuja. Zinachosha, sikatai. Lakini kikosi kinapojisifu ndipo kinapokwambia kinajiona mtoto wa nani, na kwa hilo sijaona mwaka wenye mafunzo kama 1964 wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika huru.

Kikosi hicho kilizaliwa na uhuru. Hadi 9 Desemba 1961 kilikuwa batalioni ya sita ya King's African Rifles, ile ambayo wazee wetu waliiita Keya. Usiku wa uhuru kikabadili jina, na usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda akawa kileleni Kibo akisimika bendera ya Tanganyika na mwenge. Kama kuna taarifa ya mwaka iliyojiandika yenyewe, ni hiyo ya 1961. Picha ya Nyirenda ingetosha.

Shida ni miaka miwili iliyofuata. Ukisimama langoni mwa kambi mwishoni mwa 1963 ungeona jina lilibadilika, ukoo haukubadilika. Batalioni ya kwanza ilikaa Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam. Ya pili, changa, ilikuwa Kalewa, Tabora. Hayo si majina ya Tanganyika. Colito ni mahali Ethiopia ambapo, tarehe 19 Mei 1941, Sajini Nigel Leakey wa batalioni hiyohiyo ya sita alirukia kifaru cha Waitaliano, akamuua kamanda wake na kukiteka, kisha akafa akikimbilia kingine. Alipewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Kalewa iko Burma, au Bama kama walivyotamka waliorudi huko, kando ya mto Chindwin. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na batalioni mbili za Watanganyika, ya 26 na ya 36, iliingia Kalewa tarehe 2 Desemba 1944 baada ya kulipita bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, kwenye matope na malaria. Kwa hiyo majina hayakuwa ya uongo. Watu wetu walimwaga damu kote kuwili. Ila ni ushindi uliohesabiwa na mtu mwingine, kwa vita vya mtu mwingine.

Ndani ya lango hesabu ilikuwa hiyohiyo. Kamanda alikuwa Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas. Maafisa Waafrika walikuwepo, wengine wamepita Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, lakini amri za juu zilibaki kwa wageni. Askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ajira serikalini hazitaangalia tena rangi ya raia, na upendeleo kwa Mwafrika umekwisha. Kama hoja ya haki ni sahihi, na mimi naiunga mkono mpaka leo. Sasa jiweke mahali pa koplo aliyekuwa akihesabu miezi afisa wake Mwingereza aondoke, halafu uisikie hoja hiyo kwenye redio.

Tarehe 12 mwezi huo yakatokea mapinduzi ya Zanzibar, na polisi wa kutuliza ghasia wakavushwa kwenda visiwani. Dar es Salaam ikabaki na askari walewale wa Colito.

Usiku wa kuamkia 20 Januari walipiga king'ora kambini, wakawakamata maafisa wao Waingereza, wakaenda mjini wakashika Ikulu, redio na uwanja wa ndege. Maafisa hao walisafirishwa kwenda Nairobi. Tabora iliasi siku iliyofuata, na kabla ya wiki kwisha moto ulikuwa umefika Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Waliokwenda kuzungumza na waasi waliongozwa na Oscar Kambona, waziri wa ulinzi.

Tunaita maasi, na kisheria ndivyo. Kwangu mimi ulikuwa mgomo wenye bunduki. Madai yalikuwa mawili: mshahara upande hadi shilingi 260, na Waingereza waondoke. Hawakudai nchi. Lakini bunduki ikishatoka ghalani haiulizi dai ni lipi. Maduka yaliporwa, watu wakafa mitaani, na serikali ya nchi huru ikakaa siku kadhaa bila kuwa na uhakika kama bado inatawala. Tarehe 25, kwa ombi la Nyerere mwenyewe, makomando wa jeshi la majini la Uingereza waliruka kwa helikopta kutoka manowari Centaur wakaizima Colito asubuhi moja. Kuomba jeshi la mkoloni wa jana likanyang'anye silaha jeshi la taifa! Mwalimu hakuficha kwamba hilo lilimuuma, na Februari mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikutana Dar es Salaam kutafuta njia ya kuwaondoa Waingereza. Aprili ikaja batalioni ya Nigeria kushika nafasi yao.

Hapo taarifa ya mwaka ya Tanganyika Rifles inakatika. Hakuna aliyebaki wa kuiandika: rejimenti ilivunjwa, ikiwa na umri wa miaka miwili na mwezi na nusu. Tarehe 1 Septemba 1964 ikaundwa JWTZ, jeshi la nchi iliyokwisha kuungana na Zanzibar, chini ya Mrisho Sarakikya, mmoja wa wale waliopita Sandhurst. Askari wapya walitafutwa zaidi kwa vijana wa TANU, na mwanajeshi akaruhusiwa kuwa na kadi ya chama. Wapo wanaolaumu hatua hiyo. Lakini iliziba pengo halisi: Keya ilimfundisha askari kutii, haikumwambia anamtii nani.

Na Colito ikawa Lugalo. Wengi Dar wanaijua Lugalo kwa hospitali ya jeshi. Lugalo yenyewe iko Iringa, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikiteketeza kikosi cha Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, wakamuua yeye na askari wake zaidi ya 200. Wanaoisoma kama heshima kwa Mkwawa hawakosei, ila wanaacha nusu ya habari. Batalioni ya sita ya Keya iliundwa mwaka 1917 kwa kuwachukua askari waliotoka jeshi la Wajerumani, jeshi lilelile lililopigwa Lugalo. Kwa nasaba ya kijeshi, babu wa kambi ile walikuwa upande wa Nyundo. Aliyebadilisha kibao aliamua kwamba jeshi jipya ni wajukuu wa mikuki.

Tabora sasa ina kambi ya Milambo, na hapo nasaba inachekesha kidogo. Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, mwenye jina hilo, alifariki 1884, kabla Wajerumani hawajaishika Unyamwezi. Vita vyake vikubwa, kuanzia 1871, vilikuwa dhidi ya Waarabu wa Tabora, na mji uliobeba jina lake langoni mwa kambi ndio aliohangaika miaka kuuteka bila kufanikiwa.