TV, dishi na sabufa: tunavyodanganyana huku Nyanda za Juu

Ukiingia duka la vitu vya umeme pale Mwanjelwa, Mbeya, ukasema TV yangu haitoi picha nzuri, hutoki mikono mitupu, utauziwa waya, utauziwa LNB (kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi), na stendi ya ukutani juu yake. Nusu ya hivyo vitu huvihitaji. Mara nyingi shida ni tundu ulilochomeka, au kile kitufe cha Source kwenye rimoti ambacho hakuna mtu aliyekigusa tangu TV itoke dukani, ila kwa kuwa stori za mtaani tunaziamini kuliko kitabu cha TV chenyewe basi hela inaendelea kutoka tu.

"HDMI ya bei mbaya ndiyo inatoa picha kali"

Hapana. Waya wa HDMI, ule mmoja unaobeba picha na sauti pamoja, unapitisha dijitali, ikishindwa kufika vizuri utaona picha inakatakata, vidoti vinamweka, au skrini inakuwa nyeusi halafu inarudi. Hutaona rangi imepauka kidogo kwa sababu waya ni wa bei rahisi. Ile rangi ya dhahabu kwenye plagi inasaidia kuzuia kutu, basi. Cha kuangalia ni urefu na uwezo: picha ya 4K (ile yenye vidoti mara nne ya 1080) ya fremu 60 kwa sekunde inataka waya unaobeba gigabiti 18 kwa sekunde, na waya wa mita 10 wa bei chee unaweza kushindwa kazi ambayo wa mita moja na nusu wa bei hiyohiyo unaifanya vizuri tu.

Kinachoua picha kwelikweli ni hiki hapa: mtu ana flati ya inchi 43, dekoda ameiunganisha kwa zile waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe kwa sababu ndizo alizozikuta kwenye boksi. Ile ya njano mwisho wake ni mistari 576, yaani picha ya enzi za TV ya chogo, ukiitandaza kwenye inchi 43 lazima ionekane imefifia na ina ukungu. Hamia HDMI, halafu ingia kwenye setingi za dekoda upandishe rezolusheni (idadi ya mistari ya picha) mpaka 1080, maana nyingine zinabaki chini hata ukibadilisha waya, na hapo ndipo watu wanarudi dukani kulalamika.

"Pandisha dishi juu ya nguzo ndefu, signali itaongezeka"

Hii ipo sana, kuanzia Uyole mpaka Makambako unaona madishi yamepandishwa utadhani yanatafuta mtandao wa simu. Setilaiti za TV ziko karibu kilomita 35,800 juu ya ikweta, sasa wewe ukiongeza mita 4 umesogea nini? Dishi linataka kitu kimoja, lione anga bila kizuizi upande wa setilaiti yake, hata likikaa chini kwenye bustani linashika. Ukilipandisha kwenye bomba jembamba ndiyo umejitafutia kazi, upepo wa Makambako mnaujua, dishi likiyumba nyuzi mbili tu umepoteza chaneli.

Nadhani watu wanachanganya dishi na antena. Antena ya kawaida inapokea kutoka kwenye mnara uliopo ardhini, kwa hiyo hapo kimo ni muhimu kweli, na mlima ukikaa katikati yako na mnara unaweza kupiga antena kumi na usipate kitu, wanaokaa kwenye mabonde ya Rungwe wanaelewa ninachosema. Kingine, "antena ya dijitali" ni jina la biashara. Analojia ilianza kuzimwa Dar 31 Desemba 2012 na Mbeya ikafuata 2013, ila kilichobadilika ni namna ya kurusha, antena ya zamani ya UHF bado inashika vizuri.

Turudi kwenye dishi, mwelekeo. Kuna anayemwona jirani kageuza dishi magharibi na yeye anageuza magharibi, wakati dekoda zao ni za kampuni tofauti. Setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 Mashariki, kwa hiyo ukiwa Mbeya dishi linatazama magharibi, limeegemea kaskazini kidogo. DStv iko nyuzi 36 Mashariki na Mbeya yenyewe iko kama 33 na nusu, maana yake setilaiti yao iko karibu juu ya utosi wako, kaskazini kidogo. Ndiyo maana kuna nyumba mparachichi umekua mpaka ukaziba upande wa magharibi, Azam ikaanza kugoma na DStv ikaendelea kama kawaida, halafu lawama zote kwa dekoda.

"Ukungu unakata chaneli"

Mimi hii ndiyo inanichekesha kuliko zote, maana huku kwetu ukungu upo wa kutosha, pita Isyonje asubuhi ya mwezi wa saba uone. Ukungu ni vitone vidogo mno, haviyazuii mawimbi ya dishi kiasi cha kukata picha. Mvua kubwa ndiyo inakata, matone makubwa yananyonya yale mawimbi, na Tukuyu mvua ikiamua kunyesha chaneli zinapotea dakika kadhaa mpaka ipungue. Hapo dishi kubwa linasaidia, la sentimita 90 linakusanya zaidi ya mara mbili ya la 60.

Sasa kama kwako inakata kila asubuhi yenye ukungu, panda ukaangalie pale waya unapoingia kwenye LNB, ile konekta ya kuzungusha. Ifungue. Ukikuta ule waya wa shaba wa katikati umekuwa wa kijani au kuna unyevu ndani, umeshampata mwizi, ni umande unaoingia. Kata kipande hicho, funga konekta mpya, zungushia tepu ya mpira vizuri na uache waya ulegee kidogo chini ya LNB ili maji yadondokee hapo yasifuate waya kwenda kwenye konekta.

"TV yangu ina king'amuzi ndani, dishi nachomeka moja kwa moja"

Angalia imeandikwa nini. DVB-T2, au T2 kwa kifupi, ni ya antena, ya dishi ni S2. Ikiwa na T2 peke yake hutapata chochote kwenye dishi, na hata ikiwa na S2 utaona zile chaneli ambazo hazijafungwa tu, za kulipia zinataka dekoda na kadi yao.

"Simu ikiwa Type-C inatoa picha kwenye TV"

Umbo la tundu halikuambii kitu. Simu lazima iwe imetengenezwa kutoa picha kwenye hilo tundu, na nyingi za bei ya kawaida hazina huo uwezo, adapta ya Type-C kwenda HDMI utainunua na itabaki pambo. Na kuchomeka simu kwenye USB ya TV ni kuchaji, ukibahatika TV itasoma picha na muziki.

Njia rahisi ni kurusha skrini bila waya. Hapo wengine wanaogopa wakidhani inakula bando, haili, simu na TV zinaongea zenyewe, muvi iliyoko kwenye simu unaiangalia bila hata MB moja. Kinachokula ni ukifungua YouTube au Netflix, ambapo HD inaweza kufika GB 3 kwa saa. iPhone inataka TV yenye AirPlay, njia ya Apple ya kurusha skrini.

"Sabufa imekufa, haitoi sauti ya TV"

Chukua tochi ya simu umulike nyuma ya TV, soma yale maandishi madogo. Yakisema AV IN basi hapo sauti inaingia, haitoki, sabufa itakaa hapo mpaka Krismasi. Tafuta AUDIO OUT au tundu la hedifoni. HDMI nayo inatoa sauti kwenye ile iliyoandikwa ARC (tundu la HDMI linalorudisha sauti kutoka kwenye TV), na sabufa yenyewe iwe na ARC. Ukitumia waya wa optiko na kuna kimya, ingia setingi za sauti za TV uchague PCM, ile sauti ya kawaida isiyobanwa.

Ile ya fleshi ya muvi kucheza picha bila sauti ni kitu kingine, faili lina sauti ya DTS, aina moja ya sauti za sinema, ambayo TV nyingi hazina kibali chake. Mwambie wa maktaba, yule anayekuwekea muvi kwenye fleshi, akupe kopi nyingine, TV usiigombeze.

"Nina TV gadi, radi haiwezi kunifanya kitu"

Gadi inakata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi, na ukirudi inausubirisha kidogo. Kazi nzuri, ila radi si size yake, na tena radi inapita hata kwenye waya wa dishi ambako gadi haipo. Kuzima kwa rimoti ndiyo kabisa, TV bado iko kwenye umeme. Ukiona wingu limeiva chomoa plagi mapema, usingoje ngurumo iwe juu ya bati, na waya wa dishi uutoe nyuma ya dekoda, maana dekoda na TV zimeshikana kwa HDMI, ikipigwa ya kwanza inamvuta na mwenzake.