Jinsi 4,294,967,297 inavyovunjika

Chukua 2³², ongeza 1: unapata 4,294,967,297. Bila hiyo 1 ya mwisho, ni idadi ya anwani zote za intaneti za mtindo wa IPv4. Ukishaiongeza, uko mikononi mwa Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa.

Mwaka 1640 Fermat aliamini kwamba namba za ukoo huu, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha ukaongeza 1, zote ni namba tasa (hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe): 3, 5, 17, 257, 65,537 na zinazofuata. Hizo tano kweli ni tasa. Ya sita ni hii yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Wanafunzi wangu wa Math-Physique (tawi la hisabati na fizikia) hapa Lubumbashi nikiwaandikia namba hii ubaoni, wanaanza mara moja: 3 inakataa, 7 inakataa, 11 inakataa. Kwa mwendo huo, bila kujua itavunjika wapi, huenda wakalazimika kupitia namba tasa zote hadi 65,536 (karibu kipeuo cha pili cha namba yetu), nazo ni 6,542. Kuna anayesema, “Mwalimu, si tutumie simu?” Tumia tu. Itakupa 641, ila haitakwambia pa kuitafutia.

Tuseme namba tasa p inaigawa namba yetu bila baki. Basi 2³² ukiigawa kwa p, baki ni p − 1, na 2⁶⁴ inabakiza 1. Kabla ya kipeo cha 64, baki hiyo ya 1 haipatikani. Lakini Fermat mwenyewe alishasema kwamba 2 kwa kipeo cha p − 1 lazima ibakize 1. Kwa hiyo 64 inaigawa p − 1, yaani p ni 64k + 1, k ikiwa namba nzima. Ni kama kutafuta nyumba ya mtu kule commune ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, ukiwa umeshajua avenue yake.

Sasa hesabu: 65 si tasa, 129 si tasa, 193 ni tasa lakini inakataa. Endelea hivyo: 257, 449 na 577 nazo zinakataa. Ya tano ni 641, na inakubali. Majaribio matano! Kanuni hii Fermat aliiandika mwaka uleule wa 1640, na mpaka leo nashangaa kwamba hakuitumia hapa.

Hata kugawanya si lazima. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hiyo, mbele ya 641, yaani ukiangalia mabaki tu ya kugawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Kwa kuwa 5⁴ + 2⁴ ni 641 yenyewe, weka −2⁴ mahali pa 5⁴, unapata −2³² sawa na 1, yaani 2³² + 1 inabakiza 0. Imekwisha. Hii ndiyo mistari ninayoipenda kuliko yote katika somo langu.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa. Mwaka 1878 mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas aliubana mlango zaidi: vigawo lazima viwe 128k + 1. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, kwa hiyo za kujaribu ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 peke yake. Kalamu na karatasi vinatosha, hata umeme ukikatika.