Kadi za njano ni mbili: kwa wanaovuka Horohoro na magari yao

Na Afisa Forodha, Tanga

Kila Idd na likizo ya Desemba zinapokaribia, dawati letu hupokea lalamiko lile lile. Familia imetoka Tanga alfajiri kwenda harusini Mombasa, imefika Horohoro, mpaka wetu na Kenya, imezuiwa. Baba anasema kadi ya njano anayo. Kweli anayo, ila ni ya chanjo.

Ndugu wananchi, mnapovuka mpaka wanavuka wawili: wewe, na gari lako. Kila mmoja ana karatasi zake. Kadi ya homa ya manjano ni yako wewe. Huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo ya kuchanjwa jana haikusaidii, na tangu 2016 haina mwisho. Itunze hasa kwa ajili ya kurudi, maana Kenya imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

Kadi ya Njano ya COMESA, yaani ya jumuiya ya biashara ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ni bima ya gari. Utaipata kwa kampuni yako ya bima, juu ya bima uliyonayo. Wapo wanaobishana kwamba Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ndiyo, ilijitoa, lakini katika mpango huu wa bima bado imo. Kadi hiyo hulipia madhara uliyomsababishia mtu mwingine. Bodi lako likibonyea Kwale, haihusiki, hata kama nyumbani una bima kubwa. Zungumza na bima wako kabla ya safari.

Kuhusu watu, tumeshasema mara nyingi. Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lililoanza Julai 2010 linamruhusu Mtanzania kukaa Kenya hadi miezi 6. Halikufuta mpaka. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakivushi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekubaliana kutumia vitambulisho vyao, sisi hatumo. Ni pasipoti au Hati ya Dharura ya Safari, kwa kila mtu, na mtoto wa mgongoni ni mtu.

Sasa utaratibu. Kituo ni cha pamoja kwa nchi zote mbili, hivyo unapokwenda unakamilisha kutoka na kuingia upande wa Kenya, Lunga Lunga. Unaporudi, vyote viwili Horohoro. Shika kadi halisi ya usajili wa gari. Kama jina lililomo si lako, beba barua ya mwenye gari iliyoshuhudiwa na wakili, hata kama mwenyewe ni shemeji yako na mnaishi nyumba moja. Gari la mkopo lahitaji barua ya benki. Utapewa kibali cha kuingiza gari kwa muda, chenye tarehe. Siku zisipokutosha, omba nyongeza kabla tarehe haijapita. Na mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 2017.

Tunafahamu kuwa Wadigo wa Mkinga na wa Kwale ni ukoo mmoja, na vichochoro vya kuvukia wanavijua tangu utoto. Lakini mbele ya sheria gari ni bidhaa inayotozwa ushuru. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 200, bidhaa ya magendo inaweza kukupeleka gerezani hadi miaka 5, au kukutoza faini ya nusu ya thamani inayotozwa ushuru, au vyote viwili. Chombo kilichoibeba kinaweza kutaifishwa. Kumdanganya afisa, kifungu cha 203, ni hadi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Fedha taslimu zinazofikia kiwango hicho cha dola 10,000 pia hutolewa taarifa. Kuzibeba si kosa, kuzificha ndiyo kosa.

Siku ya kurudi, msiondoke mpakani kwa haraka ya kuwahi nyumbani kabla kibali cha gari hakijafungwa. Kisipofungwa, kumbukumbu zitaonyesha gari halijatoka Kenya, hata kama limelala uani kwako Chumbageni.