Baridi yabisi isiyo ya wazee

Hapa Lamu ukitaja baridi yabisi, watu humfikiria bibi aliyekaa barazani akijisugua magoti kwa mafuta ya simsim. Basi mtoto wa miaka 9 akivimba goti leo, keshokutwa kifundo cha mguu, halafu kiwiko, naye hukandwa vivyo hivyo. Maumivu huisha, hata bila dawa. Nyumbani hushukuru, mimi hapo ndipo huanza kuogopa: huenda hii ni homa ya baridi yabisi, ambayo hugusa moyo.

Mmoja alishushwa gatini usiku, amebebwa na mjomba wake. "Daktari, miguu imepona zamani," mamake akaniambia, "imebaki pumzi tu." Alikuwa halali mpaka aegemezwe mito. Nikamsikiliza kifua: mapafu yamejaa maji, na moyo una mvumo mkubwa. Oksijeni tukampa, na dawa ya kukojoza maji. Boti ya kumvusha Mokowe, upande wa bara, ilikuwa tayari. Hakuwahi kuipanda.

Yote huanza kooni, kwa bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A. Wiki 2 au 3 baada ya koo kupoa, kinga iliyoandaliwa kumpiga mdudu huyo hukosea ikapiga viungo, ngozi, ubongo na moyo. Ubongo ukiguswa, pengine miezi baadaye, mikono na uso huchezacheza vyenyewe, na watu husema ni shetani. Sigombani na mtu kwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani. Mnywesheni, kisha mleteni.

Kinachoua ni vali, vile vilango vya moyo. Ile inayozuia damu isirudi nyuma kuelekea mapafuni huvimba ikavuja. Mtu mzima mwenye vali mbovu huenda moyo wake ulipata miaka ya kuzoea. Huyu mtoto amepewa siku chache tu, na dawa zikishindwa, kinachobaki ni upasuaji, ambao uko mbali na kisiwa.

Lawama siwapi wakandaji. Sisi wenye makoti meupe hutoa dawa ya maumivu bila kuweka sikio moyoni, na mimi nimeshafanya hivyo.

Koo linalouma pamoja na homa na matezi ya shingo, bila mafua wala kikohozi, lionyeshwe mapema: penisilini ikianza ndani ya siku 9, homa ya baridi yabisi huzuilika. Aliyekwisha kuugua hudungwa benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, na kama moyo uliguswa, kwa miaka 10 au zaidi. Sindano yenyewe inauma kwelikweli. Nina kijana mmoja, sasa mvuvi, hupanga safari zake za bahari kwa tarehe ya sindano, na hudungwa amesimama, kashika nondo za dirisha.