Mfuniko wa tanki la samaki: kioo mbele, wavu nyuma

Wateja wangu wengi wanaulizia filta, wanaulizia taa, mawe, picha ya kubandika nyuma ya tanki, ila mfuniko hauulizwi kabisa, afu baada ya muda napigiwa simu kwamba samaki kakutwa sakafuni asubuhi kakauka. Inaniuma kila mara, maana hicho ni kifo kinachozuilika kwa kipande cha kioo na wavu, vitu ambavyo fundi alumini wa mtaani kwako anavyo kwenye mabaki ya kazi zake.

Samaki anaruka kwa mambo mengi. Taa ikiwashwa ghafla chumba kikiwa giza anashtuka, mwenzie akimfukuza anakosa pa kwenda anapanda juu, maji yakichafuka amonia (sumu inayotokana na kinyesi chao na mabaki ya chakula) ikapanda anatafuta kutoka, na mgeni anayeingia tanki jipya siku zake za kwanza ndo hatari zaidi. Wale Tropheus wa Ziwa Tanganyika wana ugomvi wa mipaka muda wote, usiwaweke kwenye tanki lililo wazi hata usiku mmoja. Na kambare mdogo ambaye wengi tunapenda kumfuga hata kuruka sana hahitaji, yeye usiku anatafuta upenyo kwenye kona ambapo mipira ya filta inapita, na kwa vile anaweza kupumua hewa akishatoka anatambaa mpaka chini ya kochi.

Sasa kwanini nasema kioo mbele na wavu nyuma, na sio kioo kitupu? Joto. Huku Dar kuanzia Desemba mpaka Machi chumba chenyewe kinafika digrii 30 na kuendelea, ukifunika tanki zima kwa kioo na taa ikawaka juu yake yale maji hayapati pa kupoa, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo wakati samaki ndo anaitaka zaidi. Maji yakitoka kama mvuke yanaondoka na joto, kwahiyo ule ukanda wa wavu unafanya kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Wa Mbeya, Njombe, Nairobi huko juu kwenye baridi fanyeni kinyume, kioo kifunike karibu eneo lote, mwanya uwe mdogo wa nyuma tu, hita itapumzika na bili ya umeme itashuka. Usiogope kwamba samaki atakosa hewa, mfuniko wa kioo haubani hivo na maji yakitikiswa na filta au pampu ya hewa inatosha. Tena samaki aina ya betta anavuta hewa juu ya maji, kwahiyo ile hewa ya uvuguvugu chini ya kioo inamfaa, we muachie sentimita 3 hadi 5 kati ya maji na kioo.

Vifaa. Ubao na plaiwudi sikushauri, unyevu unaingia inavimba na kuota ukungu. Akriliki inavutia kwasababu ni nyepesi, lakini upande wa chini unanyonya unyevu na wa juu ni mkavu, kwahiyo inajikunja mpaka kona zinanyanyuka, na kona iliyonyanyuka ndo mlango wa samaki. Polikaboneti ile ya kuezekea yenye matundu katikati inavumilia zaidi, ila haipitishi mwanga vizuri kwa wenye mimea. Mimi nabaki na kioo cha milimita 4 kwa tanki la sentimita 60, na likifika 90 au zaidi natumia milimita 5 na nakigawa vipande viwili kisipinde katikati. Wavu chukua ule wa mbu wa dirishani wa nyuzinyuzi, mweusi, usichukue wa shaba wala wa waya wa mabati maana matone yakirudi kwenye maji yanabeba shaba na zinki, na kamba wadogo na konokono wanakufa haraka mno.

Kipimo chukua ndani ya tanki na sio nje, upime sehemu tatu maana tanki la kuunganishwa kwa mkono mara nyingi halijanyooka sawasawa, ushike kile kidogo kabisa afu utoe milimita 3. Mfano tanki lenye kipimo cha nje sentimita 60 kwa 30 la kioo cha milimita 6, ndani unapata 58.8 kwa 28.8, kwahiyo mfuniko wote uwe 58.5 kwa 28.5. Nyuma toa sentimita 6 za wavu, kioo cha mbele kinabaki 58.5 kwa 22.5. Hicho kwa milimita 4 kina uzito kama kilo 1.3, mtoto mkubwa anaweza kukifungua mwenyewe akilisha. Mwambie fundi akusugulie kingo zote kwa msasa wenye maji, zote nne, hata zile ambazo hutashika, na kona moja ya mbele aikate mshazari ipatikane nafasi ya kutupia chakula, ndogo tu ambayo samaki wako hapiti. Ule wavu autie kwenye fremu ya alumini kama anavyofanya ya dirisha, akate kona kwa ajili ya mpira wa filta na waya.

Mfuniko ukae ndani ya tanki, usikae juu ya kingo. Hapa napasisitiza sana kwasababu mvuke unaganda chini ya kioo unakuwa matone, na kioo kikitokeza nje matone yanatembea mpaka pembeni yanadondokea stendi, mbao inaoza na soketi ya ukutani inalowa. Gundisha vipande vidogo vya kioo, sentimita 5 kwa 2, ndani sentimita 1 chini ya kingo, kimoja kila kona, kimoja katikati ya kila upande mrefu, na kimoja kila upande mfupi pale kioo kinapokutana na wavu, ndo mfuniko unakalia hapo na maji yanarudi yalikotoka. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni inaua samaki. Ile inayonuka kama siki ni sawa ilimradi haijawekwa dawa, iache ikauke angalau siku nzima, na ikiwa bado inanuka subiri tena. Kishikio gundisha kwa silikoni hiyohiyo.

Waya ya hita na pampu iache ining'inie chini kidogo ya soketi kabla haijapanda kuchomekwa, ili tone likifuata waya lidondoke hapo lisifike kwenye umeme.

Kitu kingine, dawa ya kupuliza mbu na mende. Nyingi zina sumu ambayo kwa samaki ni kali mno hata ikiwa kidogo. Mfuniko unasaidia, ila kwa huu wenye wavu siku ya kupuliza zima pampu ya hewa kwanza maana inavuta hewa ya chumbani inaipeleka majini, funika tanki lote na taulo lenye unyevu, fungua madirisha, ukishaona chumba kimepumua ndo uwashe. Usisahau kuwasha. Na kama unaweza kutumia chandarua chumba hicho tumia chandarua.

Maji yatapungua, hiyo lazima. Yanayoondoka ni maji matupu, chumvi na chokaa vinabaki, kwahiyo ukijazia kila siku kwa maji ya kisima yenye chumvi kama ya mitaa mingi ya Dar unaongeza chumvi juu ya chumvi. Jazia kwa maji safi ya mvua ukipata, na kila wiki toa robo ya maji uweke mapya badala ya kujazia tu. Kile kioo nacho kitaota ukungu mweupe wa chokaa ya matone yanayokirukia, kisugue na limao, suuza vizuri, rudisha. Sabuni usiguse.